Nyumba ya Kukaa na Nyumba ya Wapita Njia

Wahenga waliweka kanuni fupi juu ya ugeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa maneno hayo machache walipambanua kati ya mtu anayepita na mtu anayekaa. Anayepita hupewa kitanda na chakula, wala haulizwi mengi. Anayekaa hugawiwa kazi na wajibu pamoja na wenyeji wake. Katika miji mikubwa ya dunia ya leo upambanuzi huo umekuwa shauri la mahakama, mabaraza ya miji na mabunge. Sababu yake ni kuenea kwa biashara ya kuwapangisha wasafiri, kwa usiku mmoja au kwa wiki moja, nyumba zilizojengwa ili watu wakae humo kwa miaka.

Mwezi wa Januari 2024 shauri hilo lilibisha hodi Afrika Mashariki kwa namna ya kuhuzunisha. Jijini Nairobi wanawake wawili waliuawa, kila mmoja kwa wakati wake, katika nyumba zilizopangishwa kwa muda mfupi. Serikali ya Kenya ikawaagiza wote wanaofanya biashara hiyo wajiandikishe kwa Mamlaka ya Kusimamia Utalii. Lakini Sheria ya Utalii ya nchi hiyo ilikuwa imetungwa tangu mwaka 2011, nayo ilitaka biashara za malazi ya wageni zipewe leseni. Sheria, basi, ilikuwapo kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichokosekana ni daftari la kuonyesha nyumba hizo ziko wapi, ni za nani, na nani anawajibika linapotokea jambo.

Hali ya kuwa na sheria isiyoona ndani ya nyumba haikuanzia Kenya. Mji ambao mashauri yake yanalifafanua jambo hili hatua kwa hatua ni New York, nchini Marekani. Ni vyema historia ya mji huo ifuatwe tangu mwanzo wake, kwa maana kila swali linaloulizwa leo Nairobi limekwisha kuulizwa huko, na baadhi ya majibu yake yamegharimu miaka mingi.

Katika karne ya 19 New York ilipokea wahamiaji wengi kutoka Ulaya. Wengi wao walikaa katika majengo marefu yenye vyumba vya giza, yaliyopangishwa kwa familia nyingi kwa pamoja. Mwaka 1867 Jimbo la New York lilitunga sheria ya kwanza juu ya majengo hayo, ikafuatiwa na sheria ya mwaka 1879, na hatimaye ile ya mwaka 1901 iliyokuwa kali kuliko zilizotangulia. Sheria ya 1901 ilidai madirisha, nyua za kupitisha hewa na vyoo ndani ya jengo. Aidha, iliundwa idara maalumu ya jiji ya kusimamia majengo hayo na kuyakagua.

Familia maskini za wakati ule zilikuwa na desturi ya kupokea walalaji. Mama wa nyumba alitandika godoro jikoni au sebuleni, akalikodisha kwa mfanyakazi asiye na kwake, na fedha alizopata zikasaidia kulipa kodi. Mwandishi wa magazeti Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark, alichapisha mwaka 1890 kitabu kiitwacho How the Other Half Lives, kilichowafunulia wenye nafasi maisha ya mafukara wa mji wao. Katika picha maarufu aliyopiga ndani ya nyumba moja ya Bayard Street, walalaji wanaonekana wamebanana chumbani, kila mmoja akiwa amelipia nafasi yake senti 5.

Hapo ndipo zilipoanza hoja mbili ambazo zingesikika tena mahakamani zaidi ya miaka mia moja baadaye. Ya kwanza ilikuwa hoja ya mwenye shida: kwamba mtu mwenye kodi nzito na chumba cha ziada ana haki ya kujitafutia riziki kwa kumlaza mtu mwingine. Ya pili ilikuwa hoja ya majirani na ya serikali: kwamba jengo lina kiasi chake cha watu, lina ngazi zake na milango yake ya kutokea, na kwamba moto haumuulizi mtu kama amelipa. Hoja zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana ugomvi huu haujapata kuwa rahisi.

Mwaka 1929 Jimbo la New York lilitunga sheria kubwa ya majengo yanayokaliwa na familia nyingi, nayo iliyagawanya majengo hayo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la majengo ya wakazi wa kudumu. Fungu la pili lilikuwa la majengo ya wapita njia, yaani hoteli na nyumba za kulala wageni. Mkazi wa kudumu huijua ngazi ya dharura hata gizani. Anawajua jirani zake na mlinzi wa mlango. Mpita njia aliyefika jana usiku hajui lolote kati ya hayo. Kwa sababu hiyo jengo la wageni lilitakiwa kuwa na kinga zaidi dhidi ya moto. Huo ndio msingi wa sheria ya New York hadi leo, na umewekwa miongo mingi kabla ya kuwapo intaneti.

Hata hivyo, msingi huo ulikuwa na ufa. Sheria ilisema kwamba jengo la fungu la kwanza hukaliwa, kwa kawaida, na wakazi wa kudumu. Haikusema wazi ni siku ngapi zinazomfanya mtu awe mkazi, wala ni vyumba vingapi vinavyoweza kupewa wapita njia kabla jengo halijageuka kuwa hoteli. Kwa muda mrefu ufa huo haukuleta madhara makubwa. Ulianza kupanuka pale ardhi ya Manhattan ilipopanda thamani.

Walioumia kwanza ni wapangaji wa majengo ya chumba kimoja kimoja, ambamo jiko na choo vilikuwa vya shirika. Humo walikaa wazee wasio na jamaa, vibarua, na watu waliotoka hospitali za wagonjwa wa akili. Wenye mamlaka waliyaona majengo hayo kuwa aibu ya mji, na mwaka 1955 jiji likapiga marufuku kujenga mapya. Baadaye wenye majengo walipata hata nafuu ya kodi ya serikali walipoyageuza kuwa nyumba za bei ya juu. Makumi ya maelfu ya vyumba yalipotea, na idadi ya watu waliolala barabarani ikaongezeka. Jiji lilipozinduka na kutaka kuzuia mageuzi hayo kwa sheria ya mwaka 1987, Mahakama ya Rufaa ya Jimbo iliibatilisha sheria hiyo mwaka 1989. Mahakama ilisema kwamba kumlazimisha mwenye jengo kuendelea kupangisha vyumba hivyo ni sawa na kutwaa mali yake bila fidia.

Yaliyofuata yangeweza kutabiriwa. Katika baadhi ya majengo yaliyosalia wenye mali waligundua kwamba chumba cha mpangaji mzee chaweza kupangishwa kwa watalii, usiku baada ya usiku, kwa fedha nyingi zaidi. Wapangaji wa zamani wakawa wanakutana koridoni na wageni wenye masanduku, wasiowajua, wanaoingia na kutoka saa zote. Jiji likawashitaki wenye majengo kadhaa ya Manhattan. Lakini mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliusoma ule ufa wa 1929 kwa faida ya wenye majengo: maadamu sehemu kubwa ya jengo inakaliwa na wakazi wa kudumu, sheria haikuwakataza waziwazi wapita njia katika sehemu iliyobaki.

Bunge la Jimbo liliziba ufa huo mwaka uliofuata. Muswada ulioongozwa na Seneta Liz Krueger na Mjumbe Richard Gottfried ulitiwa saini na Gavana David Paterson mwezi wa Julai 2010, na ukaanza kutumika tarehe 1 Mei 2011. Kuanzia hapo mkazi wa kudumu alikuwa ni mtu anayekaa siku 30 mfululizo au zaidi. Kupangisha nyumba nzima katika jengo la fungu la kwanza kwa muda pungufu ya huo kukawa ni kosa. Sheria haikuisahau ile desturi ya kale ya kupokea mlalaji: mkazi aliruhusiwa kumweka mgeni wa kulipa, mradi mwenyewe awe amebaki nyumbani.

Sheria hiyo ilitungwa kwa kuwakusudia wenye majengo wa aina ya kale. Lakini wakati ilipokuwa ikiandikwa, biashara yenyewe ilikuwa imekwisha badilika sura. Mwezi wa Oktoba 2007, mjini San Francisco, vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walioshindwa kumudu kodi yao, walitandika magodoro ya kujaza upepo ndani ya nyumba waliyopanga, wakapokea wageni watatu waliokuja kwenye mkutano. Mwaka 2008, pamoja na Nathan Blecharczyk, walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Airbnb. Kampuni hiyo haikuwa na jengo wala kitanda. Iliwakutanisha kwa njia ya intaneti mwenye nafasi na mwenye safari, ikachukua sehemu ya malipo. Mtu mmoja mwenye simu aliweza sasa kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji hoteli.

Mgongano haukukawia. Mwaka 2012 kijana mmoja wa New York alimpangisha mgeni chumba chake kwa siku tatu. Mwaka 2013 akatozwa faini ya dola 2,400. Alikata rufaa, na mwezi wa Septemba mwaka huo faini ikafutwa, kwa sababu mwenzake waliyekaa naye nyumba moja hakuondoka siku hizo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulidhihirisha ugumu wa kazi. Ili kujua kama sheria imevunjwa au imetiiwa, ilipasa kujua nani alilala wapi, usiku gani, na nani mwingine alikuwamo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jiji lilikuwa limesimama mbele ya maelfu ya milango, na funguo zilikuwa mikononi mwa kampuni.

Kuanzia hapo ugomvi ulihama. Swali kubwa halikuwa tena nini kimekatazwa, kwa kuwa hilo lilikuwa limeandikwa mwaka 2010. Swali likawa nani atalifungua daftari. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, Eric Schneiderman, alitoa hati ya kudai kumbukumbu za wapangishaji wapatao 15,000. Kampuni ilikataa, ikitetea siri za wateja wake. Mwezi wa Mei 2014 jaji mmoja wa Albany aliibatilisha hati hiyo kwa kuwa ilidai mambo mengi kupita kiasi. Mwanasheria Mkuu akatoa hati nyingine iliyopunguzwa, na katika mwezi huohuo pande mbili zikaafikiana: kumbukumbu zingetolewa, lakini majina ya watu yangefichwa.

Taarifa iliyotolewa mwezi wa Oktoba 2014 kutokana na kumbukumbu hizo ilibadili mazungumzo yote. Iligusa kipindi cha tangu Januari 2010 hadi Juni 2014. Ilionekana kwamba asilimia 72 ya nyumba na vyumba vilivyochunguzwa vilipangishwa kinyume cha sheria. Wapangishaji waliokuwa na nyumba tatu au zaidi walikuwa asilimia 6 tu ya wapangishaji wote, lakini walichukua asilimia 37 ya mapato, yaani dola milioni 168. Mmoja wao alikuwa na nyumba 272. Mwaka 2013 peke yake, zaidi ya nyumba 4,600 zilipangishwa kwa wasafiri kwa jumla ya miezi mitatu au zaidi.

Tarakimu hizo zilizipima hoja zote mbili. Ni kweli kwamba wapangishaji wengi walikuwa watu wa chumba kimoja, waliotaka kupunguza mzigo wa kodi, kama yule mama wa godoro la jikoni. Kampuni iliwasema hao kila ilipojitetea, na haikuwazua. Lakini nyuma yao walisimama wafanyabiashara waliopanga au kununua nyumba nyingi bila nia ya kukaa hata moja. Kila nyumba yao ilikuwa nyumba moja pungufu kwa mwalimu, muuguzi au dereva aliyekuwa akitafuta pa kukaa. Bila daftari, makundi hayo mawili yalifanana kabisa, na lile kubwa kwa mapato lilijificha nyuma ya lile kubwa kwa idadi.

Jimbo na jiji zikaendelea kutafuta ufunguo. Mwezi wa Oktoba 2016 Gavana Andrew Cuomo alitia saini sheria iliyoharamisha hata kutangaza nyumba isiyoruhusiwa, kwa faini ya hadi dola 7,500. Kampuni ilikwenda mahakamani siku ileile, na kabla ya mwaka kwisha ikapatana na jiji kwamba sheria hiyo itawahusu wapangishaji na haitatumika dhidi ya kampuni. Mwaka 2018 Baraza la Jiji lilizitaka kampuni za aina hiyo zilete kila mwezi orodha ya wapangishaji wao. Kabla amri hiyo haijaanza kutumika, Jaji Paul Engelmayer wa mahakama ya shirikisho aliisimamisha mwezi wa Januari 2019. Alitegemea Badiliko la Nne la Katiba ya Marekani, linalowakinga watu na upekuzi usio na sababu ya kutosha. Mwaka 2020 jiji na kampuni wakapatana juu ya orodha zenye masharti mepesi zaidi.

Somo la kushindwa huko lilieleweka. Badala ya kuidai kampuni daftari lake, jiji liliamua kuandika daftari lake lenyewe. Mwezi wa Desemba 2021 Baraza lilipitisha Sheria Namba 18, iliyokamilika kuwa sheria mwezi wa Januari 2022. Kila anayepangisha kwa siku pungufu ya 30 alitakiwa kujiandikisha kwa ofisi ya jiji na kupewa namba. Alitakiwa kuwamo nyumbani wakati wa ugeni, asipokee wageni zaidi ya wawili, wala asiifunge milango ya ndani kwa ufunguo. Kadhalika kampuni ilikatazwa kupokea malipo ya nyumba isiyo na namba. Mpangishaji angeweza kutozwa hadi dola 5,000, na kampuni hadi dola 1,500 kwa kila pango lisilo halali.

Mwezi wa Juni 2023 Airbnb pamoja na wapangishaji watatu waliishitaki serikali ya jiji, wakidai kwamba masharti hayo ni marufuku iliyovikwa joho la uandikishaji. Tarehe 8 Agosti 2023 Jaji Arlene Bluth aliyatupilia mbali mashitaka yao, akiona kwamba jiji lilikuwa na sababu za busara. Sheria ikaanza kusimamiwa tarehe 5 Septemba 2023. Katika majuma machache matangazo ya nyumba za muda mfupi yalipungua kwa zaidi ya robo tatu. Nyumba nyingi ziligeuzwa na kutangazwa kwa siku 30 au zaidi, nyingine zikatoweka. Jambo lililokuwa halikuwezekana kwa miaka kumi na miwili ya faini na mashitaka liliwezekana kwa namba ya uandikishaji.

Je, wapangaji wa New York walipata nafuu waliyoahidiwa? Hapa historia yataka kusemwa bila kupendelea upande. Majirani wengi walipata utulivu katika ngazi zao. Wasafiri walizikuta hoteli zikiwa ghali zaidi. Wenye nyumba ndogo za familia moja au mbili, katika mitaa ya Brooklyn na Queens, walilalamika kwamba wamefungiwa riziki kwa makosa ya wenye majengo makubwa, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Ama kodi za nyumba, hazikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Uchunguzi wa makazi wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba nyumba za kupanga zilizokuwa wazi zilikuwa asilimia 1.4 tu, kiwango cha chini kabisa tangu mwaka 1968. Daftari lilizuia ndoo isivuje, lakini halikuwa na uwezo wa kuchota maji. Mji uliopoteza vyumba vya maskini tangu mwaka 1955 ulikuwa na deni la kujenga, na deni hilo halilipwi kwa marufuku.

Miji ya Ulaya imepita njia inayofanana na hiyo. Mwezi wa Septemba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Paris, iliamua kwamba uhaba wa nyumba za wakazi ni sababu ya kutosha ya kudai kibali. Mwezi wa Juni 2024 Meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba vibali 10,101 vya nyumba za watalii havitaendelezwa baada ya Novemba 2028. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Katiba ya Hispania ikakataa pingamizi dhidi ya amri ya Catalonia iliyo msingi wa hatua hiyo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 kanuni ya namba za uandikishaji na ya kampuni kutoa takwimu, ikawekewa tarehe 20 Mei 2026 ya kuanza kutumika. Kila mji una masharti yake, lakini wote wameishia mlango uleule: kwanza ijulikane nyumba iko wapi na ni ya nani.

Kwa hiyo agizo la Nairobi la Januari 2024 lilianzia mahali ambapo New York ilifika baada ya kuzunguka sana. Hiyo ni faida ya anayekuja nyuma. Lakini agizo ni mwanzo tu, na New York inaonyesha mambo matatu ya kuangaliwa. Daftari litafaa likiwa na namba ambayo msafiri na jirani wanaweza kuiuliza, na kampuni ikilazimika kuidai kabla ya kupokea fedha. Litakuwa la haki likimtofautisha mwenye chumba kimoja na mwenye nyumba mia moja, ili mama anayelipa karo kwa chumba cha uani asibebeshwe mzigo wa tajiri. Na litaaminiwa likilinda siri za watu, kwa maana mahakama za Marekani zilisimama na kampuni pale tu serikali ilipotaka kujua zaidi ya ilivyostahili.

Mpaka uliowekwa na wahenga kati ya mgeni na mkazi haukukusudiwa kumfukuza mgeni. Ulikusudiwa kumpa kila mmoja nafasi yake: mgeni alale salama, na mwenyeji asikose kwao. Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Afrika Mashariki inakua upesi, na wageni wake ni sehemu ya riziki yake. Ni wajibu wa mabaraza ya miji hiyo kuuchora mpaka huo mapema, wakati nyumba zinapojengwa, wala yasingoje mpaka maiti nyingine itolewe katika chumba ambacho hakuna ofisi inayojua kilikuwa cha nani.